Mifuko ya Plastiki Isitiwe Katika Pipa la Mchanganyiko

Kila halmashauri inapotangaza kwamba imeanza kurejeleza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mimi huuliza kwanza kama mifuko hiyo itakusanywa peke yake au itatupwa pamoja na chupa, makopo na maboksi. Kwa maoni yangu, mpango unaoichanganya umeshindwa kabla ya kuanza.

Mitambo mingi ya kuchambua taka ina safu za visahani vya chuma vinavyozunguka, ambavyo husukuma maboksi mbele huku vitu vidogo na vizito vikidondoka chini. Mfuko laini ukiingia humo hujiviringisha kwenye mhimili, mwingine ukajisokota juu yake, hadi mtambo unalazimika kuzimwa ili vibarua wapande na visu, waikate na kuinyofoa kwa mikono. Kazi hiyo ni ya hatari, na inanihuzunisha kwamba wanaoifanya ni nadra kutajwa siku ya uzinduzi.

Uzito nao ni tatizo. Mfuko mwepesi una takribani gramu 5, kwa hiyo tani moja huhitaji mifuko ipatayo 200,000, tena iwe safi na mikavu, kwa sababu unyevu, mabaki ya chakula na hata risiti iliyosahaulika ndani hushusha ubora wa chembechembe zinazotokana na kuyeyushwa kwake. Mnunuzi naye huzilinganisha na plastiki mpya, ambayo kwa kawaida huwa rahisi zaidi mafuta ghafi yanaposhuka bei.

Jimbo la California, nchini Marekani, liliyaona haya. Sheria yake ya mwaka 2006 iliyataka maduka makubwa kupokea mifuko iliyotumika. Ile ya mwaka 2014 ikapiga marufuku mifuko myepesi lakini ikaruhusu minene, kwa sharti kwamba iweze kurejelezwa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mifuko hiyo minene iliendelea kuishia dampo, mwaka 2024 ilitungwa sheria ya kuiondoa nayo.

Sisemi kwamba urejelezaji uachwe, maana mifuko iliyokwisha kutengenezwa lazima iende mahali. Hata hivyo, kabla ya kununua mapipa, halmashauri itie saini mkataba na mnunuzi, iweke vituo vya kupokelea mifuko pekee, na kila robo mwaka iwatangazie wananchi tani zilizouzwa, si zilizokusanywa.