Mhisani si mgeni Chuo Kikuu cha Nairobi

Tangu Profesa Patrick Verkooijen ateuliwe kuwa Chansela wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2024, swali limebaki lilelile: ametafutwa mtu wa elimu au mtu wa kuleta pesa? Yeye ni Mholanzi, na kazi yake nyingine ni kuongoza Global Center on Adaptation, taasisi ya kimataifa inayohangaikia fedha za kuzisaidia nchi kukabili mabadiliko ya tabianchi. Wasioridhika wanasema chuo kilichotoa mawaziri, majaji na maprofesa chungu nzima hakikukosa Mkenya wa kuvaa joho hilo. Wanaomkubali wanajibu kwamba Chansela hafundishi wala haendeshi ofisi. Anatunuku shahada, anashauri, na anakibishia chuo hodi mahali ambapo pesa zipo.

La uraia sitalikalia. Linalonishughulisha ni shaka iliyo chini yake, kwamba pesa ya mhisani ni mkono wa mtu wa nje unaoingia kuuza kilicho cha umma. Shaka hiyo ina sababu zake na nitazifikia. Lakini wanaoitoa husema kana kwamba chuo hiki kilijengwa na serikali peke yake, halafu juzi juzi ndipo matajiri wakaingia. Historia yake haikuwa hivyo.

Ndani ya kampasi kuu kuna sanamu ya Mahatma Gandhi ambayo wanafunzi wengi huipita bila kuitazama. Gandhi alipouawa Januari 1948, Wahindi wa Afrika Mashariki walianza kuchanga ili wajenge chuo cha kumkumbuka, chuo cha watoto wao. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wake wa chuo cha ufundi, ambacho kilipata hati ya kifalme Septemba 1951. Pande hizo mbili zikaona hakuna haja ya kujenga vyuo viwili mji mmoja. Aprili 1954 Gandhi Memorial Academy ikaingizwa katika Royal Technical College, na Aprili 1956 wanafunzi wa kwanza wakapokewa. Hicho ndicho chuo kilichokua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970.

Ukumbuke Nairobi ilikuwaje Aprili 1954. Mwezi huohuo jeshi la Uingereza liliuzingira mji kwa Operesheni Anvil na kuwasomba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kuwapeleka vizuizini. Shule zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila mtu na yake. Katika mji wa namna hiyo, jamii iliyokuwa imechanga kwa ajili ya watoto wake ilikubali pesa zake ziingie katika chuo cha watu wa rangi zote. Ilipata jina ukutani na sanamu uwanjani. Watu wengine walipata mahali pa kusomea kwa vizazi vilivyofuata, pengine hata wajukuu wa waliosombwa mwezi ule. Ninapomsikia mtu akisema pesa ya mhisani daima hununua chuo, huwa nataka anionyeshe nani alinunuliwa hapa.

Na kiti chenyewe cha Chansela? Hadi mwaka 2003 Rais wa nchi ndiye alikuwa Chansela wa vyuo vyote vya umma. Mwai Kibaki alipokiachia, Nairobi ikampata Joe Wanjui, mfanyabiashara aliyewahi kuongoza East Africa Industries. Mwaka 2013 akafuata Dkt. Vijoo Rattansi, mwanamke wa kwanza katika nafasi hiyo na mwenyekiti wa Rattansi Educational Trust, mfuko ulioanzishwa mwaka 1956 kuwalipia karo wanafunzi wasiojiweza bila kuuliza kabila wala dini. Kwa hiyo miaka zaidi ya 20 sasa kiti hicho kimekaliwa na watu wenye uzoefu wa kutoa pesa au kuzitafuta. Verkooijen anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa.

Mfano wa mfuko wa Rattansi una uzito kuliko unavyosikika, na ni hapa ambapo wakosoaji wa wahisani nawaona wakiwa mbali na maisha ya mwanafunzi. Siku chache kabla ya mitihani, nenda ofisi ya fedha ya chuo chochote cha umma. Utakuta foleni. Mmoja ameshika barua ya chifu, mwingine anampigia mjomba simu kwa sauti ya chini, mwingine anaangalia salio la M-Pesa ingawa anajua halijabadilika. Tuseme anadaiwa shilingi 18,000. Hapewi kadi ya mtihani, sawasawa na anayedaiwa laki moja. Bila kadi hafanyi mtihani. Somo alilolikosa pengine litarudi kwenye ratiba mwaka ujao, na mwaka huo wote chumba anakilipia, chakula anakula, ilhali mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, una miaka yake iliyohesabiwa. Wenzake wanavuka jukwaa siku ya mahafali, yeye anabaki. Akichoka anarudi nyumbani kusubiri hali itulie, na wako ambao hawarudi tena. Elfu 18 imekula shahada nzima, pamoja na mamilioni ambayo serikali na wazazi walikuwa wamekwisha kuyatumia juu yake.

Sasa piga hesabu. Shilingi milioni 1 ikigawanywa elfu ishirini ishirini inawaingiza wanafunzi 50 katika chumba cha mtihani. Ukiweka milioni 20 katika mfuko wa kudumu, ukatumia asilimia 5 tu kila mwaka na kuacha mtaji ulivyo, unapata milioni hiyo moja mwaka huu, mwaka ujao na miaka mingine yote. Milioni 20 ni fedha ambazo harusi chache za wakubwa wa Nairobi humaliza kwa siku moja. Sioni hoja ya uhuru wa chuo itakayomshawishi mwanafunzi wa kwenye ile foleni kwamba ni heri pesa hiyo isingekuja.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya uraia, nayo ni kwamba wahisani hawawezi kuziba pengo lililoachwa na serikali. Hili ni kweli, na takwimu zinalisema wazi. Kuanzia mwaka 1998 Nairobi ilipokea wanafunzi wa kujilipia, na pesa zao zikawa uti wa mgongo wa bajeti. Mwaka 2015 watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa zaidi ya 165,000. Mwaka 2016, baada ya udanganyifu kudhibitiwa, wakawa 88,929, na mwaka 2017 wakashuka hadi 70,073. Serikali ikaweza kuwachukua wote, tena wengine ikawapeleka vyuo vya binafsi, na soko la kujilipia likakauka. Mgao wa Hazina haukupanda kuziba pengo hilo. Mfumo mpya wa ufadhili wa mwaka 2023 nao Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba Desemba 2024, na suala likapelekwa Mahakama ya Rufani. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021. Mhisani hatoi pesa za malimbikizo ya mishahara. Hilo ni jukumu la mwajiri.

Pia wapo wanaohofia masharti, na nawaelewa. Mtoaji huchagua. Leo fedha ziko kwenye tabianchi, afya na teknolojia, na Chansela anayetoka kwenye ulimwengu wa tabianchi atavuta za huko kwanza. Nani atafadhili uzamivu wa isimu ya Kiswahili, au historia, au falsafa? Idara hizo zikiachwa zitegemee huruma ya wafadhili, zitakufa polepole bila mtu kuamua ziuawe. Jina nalo lina gharama yake: mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Ghana kiling'oa sanamu ya Gandhi iliyoletwa na India miaka miwili tu kabla, kwa sababu ya maandishi yake ya ujanani kuhusu Waafrika. Unachokipokea leo kwa shangwe, wajukuu wako wanaweza kukikataa.

Hata hivyo hoja hizi zote zinadai uangalizi. Hakuna hata moja inayodai mlango ufungwe. Hofu ya masharti huondolewa kwa kuyachapisha: nani ametoa, kiasi gani, kwa kazi gani, na nini ameahidiwa. Mwenye kujenga jengo adaiwe pia fungu la kulitunza, maana maabara isiyo na kemikali ni chumba tu. Sehemu ya kila mchango mkubwa iende katika mfuko wa pamoja ambao Seneti ya chuo inaugawa, ili Kiswahili na historia zipate. Kuhusu serikali kujificha nyuma ya wahisani, Chansela ana nafasi ambayo Naibu Chansela, anayekiendesha chuo, hana. Bajeti ya kila siku haiko mikononi mwake, wala hapigiwi simu na wadai. Anaweza kumwambia Rais aliyemteua kwamba hataenda kuomba nje pesa za mishahara.

Jambo la kwanza ningependa kuliona kutoka kwake ni hesabu moja ndogo, itolewe hadharani: muhula uliopita ni wanafunzi wangapi walikosa kadi ya mtihani, na kila mmoja alidaiwa kiasi gani. Ofisi ya fedha inawajua. Hesabu hiyo ikitoka, waliosomea pale watajua wachange shilingi ngapi, na Wizara ya Elimu itaulizwa bungeni kwa nini watu wa nje wanalipa kilichopaswa kulipwa na Hazina.