Mjomba Yahya kwenye sikukuu ya kina Juha

Mjomba wangu Yahya si mtu wa matusi. Alikaa gereji maisha yake yote ya kazi, kati ya watu wanaotukana hata spana, akatoka na neno moja tu: juha. Dereva aliyesahau kutia maji kwenye rejeta, juha. Refa, juha. Mwanasiasa akitokea kwenye televisheni, kabla hajafungua mdomo, juha. Akijigonga kidole na nyundo hukiinua, akakitazama, akakiambia, "Ona sasa, juha mkubwa we." Hana ubaguzi. Nyumbani Mombasa siku asipolitamka tunamwuliza kama ana homa.

Aliponiambia anakuja kunitembelea Ufini Juni 2023 nilifurahi sana, kasoro jambo moja. Nafanya kazi kwenye ghala la vipuri mjini Jyväskylä, na msimamizi wangu, mtu mpole kuliko wote walionipa amri hapa duniani, anaitwa Juha.

Wafini hawana habari na sisi. Kwao hilo ni jina la wanaume la tangu na tangu, limekatwa kutoka Johannes, na ndugu zake hawahesabiki: Juhani, Juho, Jukka, Jussi, Janne. Ukiita Juha kwenye kikao cha wanaume waliovuka hamsini, vichwa viwili vitatu vitageuka. Na Wafini hawapendi vyeo, kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza, bosi na mfagiaji sawa. Mimi nilichukua muda mrefu kabla mdomo wangu haujakubali kumwambia mtu mzima aliyeniajiri, "Habari ya asubuhi, Juha."

Basi Juha aliposikia nina mgeni, akatualika kwenye nyumba yao ya mapumziko huko Laukaa, kando ya ziwa, tukale Juhannus pamoja. Juhannus ndiyo sikukuu yao ya katikati ya kiangazi. Miji inabaki tupu, watu wote wanahamia ziwani, wanawasha moto mkubwa ufukweni, na bendera inapeperushwa usiku kucha kwa sababu usiku wenyewe hauji. Kukataa mwaliko kama huo ni kama kukataa pilau ya Idi.

Alitupokea kwenye gati dogo la mbao. Akanyoosha mkono, akajigusa kifua.

"Juha."

Mjomba akaushika ule mkono, hakuuachia. Akanigeukia. "Anasemaje huyu bwana?"

"Anajitambulisha, Mjomba. Ndilo jina lake."

Mjomba akamtazama juu mpaka chini, kwa heshima ambayo sijamwona akimpa hata kadhi. "Mashallah," akasema. "Kwetu mpaka uambiwe na watu."

Nyuma yake walikuja kaka yake, Jukka, baba yao mzee, Juhani, na jirani, Jussi. Nikamweleza Mjomba kwamba ni jina lilelile, wamegawana tu vipande. Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akaniahidi kwa kiapo: "Ulimi nimeufunga. Mgeni havunji heshima ya mwenyeji."

Ulimi ulikaa kifungoni mpaka chakula cha mchana. Tulikula viazi vipya na muikku, visamaki vya ziwani vilivyopakwa unga wa rai na kukaangwa kwa siagi, ambavyo Mjomba alivikubali mara moja akavipa uraia wa dagaa. Soseji za nguruwe zilibaki upande wao wa meza, sisi upande wetu. Ndipo simu ikalia kutoka Likoni.

Alikuwa fundi anayemjengea Mjomba vyumba vya kupangisha. Mjomba akasimama mwisho wa gati na kuongea kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu ina waya wala mtandao, kwamba ni yeye mwenyewe anayetakiwa kuifikisha sauti Likoni. Na maji ya ziwa, kama hujui, hubeba sauti vizuri mno.

"Mlango wa sebule umeutazamisha choo? Choo? Juha we!"

Juha alikuwa nyuma ya sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, anapasua kuni. Akatokea na shoka mkononi. "Niin?" akasema, yaani naam.

Mjomba alikuwa amempa mgongo. "Juha! Tena juha mkubwa! Nakulipa pesa zangu unanijengea upuuzi!"

Juha akaiweka shoka chini. Akasogea hatua mbili, akasimama, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo. Mjomba akageuka, bado simu iko sikioni, macho yameiva, kidole kinachoma hewa kuelekea alipo mwenyeji wetu: "Juha, nakwambia kwa mara ya mwisho, bomoa!"

Akamgeuzia tena mgongo, akaendelea na saruji.

Juha alinijia akinong'ona. "Nimefanya nini?" Nikamwambia hakuna. "Ni samaki? Walikuwa na chumvi?" Hapana. Akaitazama sauna yake, aliyoijenga kwa mikono yake, kwa huzuni. "Anataka nibomoe nini?"

Mtu akibanwa, ulimi hutafuta mlango wa karibu. Nikamwambia, "Si wewe. Anamzungumzia Juha Kankkunen. Anabishana na rafiki yake Mombasa."

"Kwa hasira hivyo?"

"Kwa mapenzi."

Sasa elewa tulikuwa wapi. Laukaa ndiko kwao Juha Kankkunen. Huyo ndiye dereva wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia wa rali mara nne, 1986, 1987, 1991 na 1993, na Safari Rally ya Kenya aliibeba mara tatu, 1985, 1991 na 1993. Kumtaja pale ni sawa na kutangaza kwamba u ndugu wa damu. Uso wa Juha ukafunguka. Akaingia ndani, akarudi na kofia iliyofifia na albamu ya picha, na Mjomba alipomaliza kumtukana fundi akamkuta mwenyeji mbele yake, ameinua picha ya Toyota Celica iliyojaa matope.

Mjomba akavaa miwani. Akaichukua picha. Akakaa chini.

"Themanini na tano," akasema.

Hilo nilikuwa silijui. Mwaka huo Mjomba alikuwa kijana wa kushika taa gereji Nairobi, na rali ya Pasaka ilikuwa habari ya mji mzima. Kankkunen alikuwa na miaka 26, Safari hajawahi kuikanyaga, na hajawahi kushinda raundi hata moja ya ubingwa wa dunia. Timu hiyohiyo ya Toyota ilikuwa na Björn Waldegård, Mswidi aliyekwisha kushinda Safari 1977 na 1984, na kila mwenye akili aliweka matumaini yake kwa Waldegård.

"Tulipolisikia jina, gereji nzima tulilala chini kwa kicheko," Mjomba akasimulia. "Redio ikasema, 'Juha anaongoza.' Mzee wetu wa kazi akauliza, hiyo tangu lini imekuwa habari? Tukasema hafiki popote huyu. Bwana wee, akafika. Waldegård wa pili."

Juha alikuwa ananingoja nitafsiri, macho yanameta.

"Anasema gereji nzima ilimshangilia," nikasema.

Kiingereza cha wote wawili kinaishia kwenye majina ya vipuri, lakini baada ya hapo hawakunihitaji. Klachi, difu, shokomzoba, turbo. Mmoja anataja, mwingine anatikisa kichwa kwa uchungu. Nusu saa nzima waliongea hivyo, wakaelewana kuliko mimi ninavyoelewana na yeyote kwenye ghala lile.

Na kumbuka ile Jumamosi ya Juhannus iliangukia siku ya Safari Rally ya Naivasha. Jukka akaweka kompyuta juu ya meza ya bustani, na saa za Ufini kiangazi ni zilezile za Kenya, kwa hiyo tuliyatazama mavumbi ya Soysambu na Elmenteita yakitimka wakati huohuo, sisi tumevaa masweta. Wafini wamemkodolea macho Kalle Rovanperä, kijana wa Jyväskylä mwenye miaka 22, bingwa wa dunia. Mjomba akaona ulimi wake umepata kibali rasmi. Gari likichapa jiwe: "Juha we, hukuliona?" Likiingia kona vibaya: "Juha mkubwa!"

Kila alipotamka, wanaume wale wanne waliinua chupa zao. "Juha!"

Jussi jirani akaniuliza kama ndivyo Wakenya wanavyoshangilia rali, kwa kumtaja Kankkunen. Nikasema ndiyo, hasa wazee. Basi kufika alasiri, wanaume watano walikuwa wanaipigia kelele kompyuta, "Juha mkubwa! Juha mkubwa!" na mimi nimejificha nyuma ya gazeti la Kifini nisiloelewa nusu yake.

Jioni, tukisubiri sauna ipate moto, Juha akataka kumwonyesha Mjomba kwamba Kankkunen hakuwa peke yake. Akaanza na Juha Väätäinen, aliyeshinda mita 5,000 na 10,000 kwenye mashindano ya Ulaya ya 1971 hapohapo Helsinki. Mjomba akaguna kwa adabu. Akafuata Juha Mieto, jitu la mbio za kuteleza kwenye theluji kutoka Kurikka, ambaye kwenye Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980 alikosa dhahabu ya kilomita 15 kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Alitelezesha miguu kwa zaidi ya dakika 40, akapitwa na Thomas Wassberg wa Uswidi kwa muda usiotosha kufumba jicho. Mjomba alimhurumia kweli. "Huyo si juha," akasema. "Huyo maskini." Juha akalirudia neno taratibu, "maskini", akiamini ni sifa nyingine.

"Na waziri mkuu pia," akaongeza mzee Juhani. "Juha Sipilä. 2015 mpaka 2019."

Nikatafsiri. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Nchi nzima waliikabidhi juha? Miaka minne?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Mwambie asihuzunike. Kwetu wamepita wengi, tena hakuna hata mmoja aliyekuwa na ujasiri wa kujiita."

Nikawaambia anasema Kenya nayo imewahi kuwa na viongozi wazuri. Wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mambo yangeishia hapo, lakini mzee Juhani, aliyekuwa kimya muda mwingi, akauliza jina la Mjomba ni jina gani. Nikajibu kwa fahari ya mtu aliyekaa madrasa: ni jina la nabii, Yahya, ndiye huyohuyo Johannes wenu.

Kimya. Mzee akahesabu kwa kidole kwenye meza. Johannes. Juhani. Juha. Wafini wana kalenda ya majina, kila siku na majina yake, na kina Johannes wote, Juha akiwemo, siku yao ni tarehe 24 Juni. Ilikuwa tarehe 24 Juni. Keki ya stroberi iliyokuwa imefichwa ndani kwa ajili yao wanne ikatolewa, ikapitishwa mbele yao wote, ikawekwa mbele ya Mjomba. Wakasimama. Wafini hawasimami ovyo.

"Onnea, Juha!" wakasema kwa pamoja. Mke wa Jukka akatoka jikoni kumpa mkono: "Onnea, Juha." Watoto watatu wakaletwa kutoka majini, wamejifunga taulo, nao wakamwamkia, mmoja mmoja: "Onnea, Juha."

Mjomba alikuwa ameshika uma. "Wanasemaje?"

"Wanakupongeza. Leo ni siku ya jina lako."

"Mbona wananiita juha?"

"Ndivyo Yahya anavyoitwa huku, Mjomba."

Akamtazama mzee, akaniangalia mimi, akawatazama watoto. Midomo yake ilitafuta neno la kumjibu mtu, na neno analolijua ni moja, na sasa lilikuwa lake. Mwishowe akakata keki.

"Watu hawa," akaniambia polepole, "wamenijua lini?"

Usiku, kama unaweza kuuita usiku, alikaa kwenye gati akingoja jua lizame aswali magharibi. Saa tano ilipita lile bado linamwangalia. Nilimsikia akiliambia kitu, lakini kwa sauti ya chini, na kabla hajalitamka aligeuka kwanza kuangalia kama kuna mtu ataitika.

Aliporudi Mombasa nilidhani nimepona. Ikafika Machi 2024. Safari Rally ilikuwa imerudishwa wakati wa Pasaka kama zamani, na Juha, Jukka na Jussi wakachukua likizo kwenda Naivasha. Siku ya mwisho kabla ya safari, Juha aliniita ofisini anionyeshe walichotengeneza. Fulana nyeupe, herufi nyekundu za kutosha kusomeka ng'ambo ya barabara, kifuani na mgongoni: JUHA MKUBWA.

"Kwa heshima ya Kankkunen," akasema. "Mjomba wako ataelewa."

Nilitaka kusema kitu. Alikuwa amefurahi mno.

Akanipigia kutoka Naivasha, sauti imekauka kwa vumbi na kelele. Hajawahi kupendwa hivyo popote. Afisa wa uhamiaji Nairobi alisoma fulana, akamwita mwenzake, huyo akamwita mwingine, wakapigiwa mihuri huku wote wanafuta machozi. Makondakta wa matatu wanamwita kwa jina. Polisi amempitisha mbele kabisa karibu na kamba. Watu wanapanga foleni kupiga naye picha. "Hawajamsahau Kankkunen," akaniambia, "hata watoto wadogo!" Akanitumia video: ukingo mzima wa barabara unaimba, "Juha mkubwa! Juha mkubwa!", yeye katikati, mikono juu, analia.

Niliitazama mara ya pili ndipo nikamwona mtu upande wa kushoto, mwenye kofia ya kiua na furushi la nguo begani, anayeongoza wimbo. Mjomba Yahya alikuwa amepelekewa picha ya ile fulana mapema, na kwa kuwa fundi wa Likoni alikuwa bado anadai, alikwenda kuchapisha zake. Shilingi elfu moja moja. Kwenye video unamwona kabisa akimvalisha mzungu wa pili, akimtengeneza kola, akimpigapiga bega, na kupokea noti.

Juha mwenyewe alinunua tatu za ziada za kuwapelekea watu wa ghalani. Yangu iko kabatini.