Kabla hujanunua mtambo wa haidroponiki, ingiza mkono ndani

Wauzaji wa mitambo ya kulima bila udongo wana wimbo mmoja: hakuna jembe, hakuna palizi, unakaa zako barazani unachuma saladi. Sina ugomvi na saladi. Ugomvi wangu ni na hilo la kukaa. Palizi haijaondoka, imegeuka kuwa kusugua, na asiyependa kuosha masufuria ataikuta kazi ileile kwenye ndoo ya virutubisho, yaani maji yenye chakula cha mmea, tena hii inanuka zaidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu: mtambo wa nyumbani usipimwe kwa idadi ya matundu wala kwa uzuri wa taa zake. Upimwe kwa mkono. Kama kuna mahali maji yanapita na mkono au brashi haifiki, usiununue. Ile minara ya mabomba yaliyounganishwa kwa gundi, yenye elbo kila kona, inapendeza sana pichani, lakini ndani ya zile kona uchafu hujikusanya na hakuna wa kuutoa. Jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuwa nao. Alipanda mnaanaa, ukastawi vizuri mno, mizizi ikajaza bomba kama katani, maji yakarudi nyuma na kumwagika sebuleni. Fundi alipokuja alikuwa na dawa moja tu, msumeno. Mnaanaa uacheni kwenye chungu cha udongo.

Huku pwani usafi una uzito kuliko huko yanakotoka maelekezo mengi tunayosoma. Mizizi iliyo ndani ya maji hupumua oksijeni iliyoyeyuka humo, na maji yakipata joto huibeba kidogo. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika 30 hubaki kama 7 na nusu. Dar es Salaam ya Januari hadi Machi, ndoo iliyoachwa juani inapita hapo bila shida. Mizizi iliyokosa hewa ndiyo inayopendwa na pithiamu, kimelea kinachoozesha mizizi. Inua kikombe kimoja chenye mmea uangalie. Mizizi myeupe haina neno, hata ikiwa imechukua rangi kidogo ya virutubisho. Lakini ukiivuta taratibu kwa vidole, ganda la nje likachomoka na kubaki uzi mwembamba katikati, na mkono ukabaki na utelezi na harufu ya mtaro, ujue uozo umeingia. Wapo wanaokimbilia duka la dawa kununua haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuua vijidudu. Inatuliza kwa muda mfupi, halafu inaisha nguvu, na uchafu uliobaki ukutani mwa ndoo unaanza upya.

Mwani, ule ukijani unaoota kwenye maji, ni rahisi zaidi, maana bila mwanga hauoti. Ndoo ya kuonyesha ndani ni ya kupigia picha tu. Paka rangi nyeusi kuzuia mwanga, kisha nyeupe juu yake ili isivute joto, na kila tundu lisilo na mmea lizibe. Nashangaa bado kuna watu wanauziwa matangi ya kioo kwa bei ya jokofu dogo.

Ila jambo ambalo silisikii likisemwa kabisa ni mbu. Tangi la virutubisho ni maji yaliyotuama ndani ya nyumba, na mji huu umeshaumwa dengue vya kutosha: 2014, halafu 2019. Mbu anayeieneza, Aedes, hataki dimbwi la mtaroni, anataka maji ya ndooni, karibu na watu. Hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakiyafikia. Ndiyo maana kumwaga maji na kujaza mengine hakutoshi. Lazima usugue ule mstari ambapo maji yalikoma. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi kwenye joto letu, kwa hiyo anayesubiri mwezi mzima bila kufungua tangi, pamoja na saladi anafuga mbu. Mfuniko ubane, na mpira wa pampu unapopita ziba kwa sponji.

Kuosha kwenyewe si elimu kubwa. Mavuno yakiisha, toa mizizi yote, hata vile vinyweleo vilivyong'ang'ania kwenye vikombe vya matundu, maana humo ndimo ugonjwa unamolala. Sugua kwa sabuni kwanza. Dawa ikimwagwa juu ya utelezi huishia kwenye utelezi. Halafu loweka na jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, nusu saa hivi, suuza mpaka harufu iishe, anika juani pakauke kabisa. Bomba refu lililonyooka husafishwa kwa kitambaa kilichofungwa katikati ya kamba, mmoja anavuta huku, mwingine kule, na watoto huipenda kazi hii. Pampu ifungue: ndani kuna sponji na kijigurudumu, na nywele moja ya mzizi inatosha kukisimamisha.

Yale magamba meupe ya chokaa huondolewa kwa siki au maji ya ndimu. Lakini siki na jiki visikutane hata kwa bahati mbaya. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu hazina madirisha ya kutosha kwa majaribio hayo. Kimoja leo, suuza, kingine siku nyingine.

Kuna pia chumvi. Wengi wetu tunatumia maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina magadi na chumvi. Mmea hunywa maji na kuiacha ile chumvi usiyohitaji, wewe unaongezea maji mengine ya chumvi, na kipima chumvi kinakwambia mambo ni mazuri kwa sababu hakitofautishi chumvi ya kisima na chakula cha mmea. Majani yanaungua pembeni huku namba ikipendeza. Dawa yake ni kumwaga yote na kuanza upya kila wiki mbili, au kukinga maji ya mvua. Kipimo cha pH, yaani uchachu wa maji, nacho kinadanganya kisiposahihishwa kwa zile dawa zake zenye pH ya 4 na 7. Lengo ni kati ya 5.5 na 6.5.

Maji ya zamani usiyamwage chooni, bado yana chakula. Mpapai wa uani au kopo la mchicha litayapokea bila swali, mradi usiumwagilie mmea mmoja kila mara ukaujaza chumvi.

Ukiniuliza uanze na nini, nitakwambia ndoo ya mafuta ya kula ya lita 20, mfuniko uliotobolewa, na njia ya Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: hakuna pampu, hakuna umeme wa kukatika, maji yanapungua yenyewe na mizizi ya juu inapumua hewa inayoingia kwenye nafasi hiyo. Inafaa mboga za majani za muda mfupi, haifai nyanya. Ikifika siku ya kuosha, mkono unafika hadi chini kabisa, na kazi yote inaisha kabla chai haijapoa.