Historia ya Jinja imehifadhiwa Leicester. Ya Walukuba itahifadhiwa wapi?

Mtu akitaka kujua Main Street ya Jinja, Uganda, ilivyokuwa mwaka 1970, nani alikuwa na duka la vitambaa, nani alishona sare za shule, jioni watu walitembea upande gani kutazama mto, leo atapata majibu mengi zaidi Leicester, Uingereza, kuliko Jinja kwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa Jinja, na nimeishi Leicester miaka mingi. Jambo hili limenikaa kooni, na nimeona bora niliandike ili sisi tuliotoka kule, na waliobaki, tulijadili.

Wengi mnajua ilivyotokea. Agosti 1972 Rais Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Takriban 28,000 walifika Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilikuwa haiwataki. Septemba mwaka huohuo ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwaambia kwamba kwa faida yao na ya familia zao wasije mji huo. Walikuja hata hivyo, kwa maelfu. Baadaye mji uliowakataa ukaanza kukusanya habari zao. Chuo Kikuu cha Leicester kina hifadhi ya masimulizi ya mdomo ya eneo zima la East Midlands, ambamo watu wa kawaida wamerekodiwa wakieleza maisha yao kwa sauti zao wenyewe. Mwaka 2022, ilipotimia miaka 50, yalifanyika maonyesho mjini. Na lile tangazo la aibu halikufichwa. Limetunzwa, linaonyeshwa, na watoto wa shule wanalisoma. Kwa hilo nawaheshimu watu wa huku.

Kwenye maonyesho nilikutana na mama mmoja, sasa bibi, aliyezaliwa Jinja. Tulizungumza Kiswahili, chake cha dukani na changu cha mtaani. Alikumbuka wafanyakazi wa baba yake kwa majina. Wengine walikaa Walukuba. Nikamuuliza kama yeyote kati yao aliwahi kuhojiwa na mtu akarekodiwa. Akaniangalia tu.

Kiwanda kilikuwa na tajiri na kilikuwa na wafanyakazi. Kumbukumbu za tajiri zimevuka bahari na zimewekwa kwenye maboksi safi. Za mfanyakazi zimebaki chini ya kitanda.

Kwa asiyeijua, Walukuba ilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa 1954, kiwanda cha nguo cha Nyanza Textiles kikaanzishwa miaka hiyohiyo, na shaba ya Kilembe ikawa inakuja kuyeyushwa Jinja. Wakaja Waacholi, Walugbara, Wajaluo, Wasamia, Wateso, Wanubi, na wengine kutoka Kenya na Kongo. Hakuna aliyengoja mwenzake ajifunze lugha yake. Kiswahili ndicho kilichotumika bombani, kiwandani, kanisani, msikitini na mpirani. Wasoga wana Kyabazinga, mfalme wao, na koo zao za kuwatunzia historia. Waganda wana Mengo, makao ya Kabaka wao. Sisi wa mitaa ya wafanyakazi hatuna ufalme wala ukoo mmoja unaotuunganisha. Kwa hiyo mahali petu pa kuhifadhiwa ni maktaba ya umma. Isipofanya hiyo kazi yenyewe, hakuna mwingine wa kuifanya.

Niwaonyeshe kitu kimoja ili mjue ninachozungumzia. Kule mtaani kulikuwa na chama cha kuzikana, kama vilivyo vyama vingi vya namna hiyo. Mwandishi wake alikuwa mtu wa kiwandani mwenye mwandiko mzuri, na mjane wake bado anayatunza madaftari. Ni madaftari ya kawaida ya shule, yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ndani kuna mistari iliyopigwa kwa rula, jina la mwanachama, namba ya nyumba, alichotoa. Akifa mtu, ukurasa mzima unakuwa wake: sanduku, sanda au suti, petroli, dereva, na mwili ulikopelekwa. Kuna safari za Pakwach, Tororo, Arua, Busia. Ukurasa mmoja una orodha ya waliolala matangani siku tatu, kabila juu ya kabila, na pembeni mwandishi ameweka alama kwa waliochangia ingawa hawakuwa wanachama. Yote kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna lugha nyingine ambayo wote wangeweza kuisoma na kukubaliana hesabu.

Sijui kitabu cha historia kinachoeleza hivyo jinsi watu wa makabila mengi walivyoishi pamoja nchini Uganda. Na miaka ya vurugu imo humo pia. Mwandishi hakutaja siasa hata mara moja, lakini kuna kipindi ambapo kurasa za vifo zimekaribiana sana, na safari za mbali zinakatika kwa sababu barabara hazikupitika.

Niliuliza kwenye maktaba moja ya umma huko nyumbani, ambayo si lazima niitaje, kama wangeyapokea. Mtumishi alikuwa na adabu na alinisikiliza. Jibu lilikuwa kwamba wao wanapokea vitabu, madaftari hapana, hawana pa kuyaandikisha. Simlaumu yeye. Alijibu kulingana na kazi aliyopewa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba daftari la mtaa ni mali ya maktaba.

Huku Leicester nimeona kinyume chake. Kuna ofisi ya kumbukumbu ya Leicestershire, Leicester na Rutland. Nilipokuwa naenda ilikuwa Wigston, katika jengo lililokuwa shule zamani. Maktaba ya historia ya eneo na hifadhi ya nyaraka zilikuwa pamoja humo. Ukipeleka karatasi za familia au za klabu, hawakuulizi kama ni kitabu. Wanakuuliza zilitoka wapi, nani alizitunza, na kama unazitoa moja kwa moja au unaziweka amana huku zikibaki mali yako. Unaandikiwa stakabadhi. Kama kuna siri za watu walio hai, mnakubaliana zifungwe miaka kadhaa kabla ya msomaji kuruhusiwa. Kisha zinakaguliwa kama zina wadudu au ukungu, pini na klipu zenye kutu zinatolewa, karatasi zinawekwa kwenye jalada na boksi lisilo na asidi, zinapewa namba, na maelezo yake yanaingia kwenye orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta. Msomaji anaingia na penseli tu, kalamu ya wino inabaki nje. Mikono iwe safi na mikavu. Nimewaona watu wakibishana kwa upole juu ya mstari mmoja wa barua ya mfuma soksi aliyekufa zamani, na hakuna aliyewacheka.

Vilevile wanakusanya vitu ambavyo sisi tungevitupa: tangazo la dansi, ratiba ya basi, kadi ya arusi, kalenda ya duka, kumbukumbu za mikutano ya timu ya mpira wa mtaa. Hawangoji vizeeke kwanza. Tangazo la wiki iliyopita linaweza kuingia wiki hii.

Watu wa nyumbani husema basi, hao wana pesa. Nakubali kwamba wanazo zaidi. Lakini nao wamebanwa: tangu 2010 mamia ya maktaba za umma Uingereza zimefungwa, na nyingine zinaendeshwa na watu wa kujitolea. Tofauti kubwa ninayoiona ni ya wajibu. Angalia miaka. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maktaba za umma na makumbusho mwaka 1964. Uganda nayo ilipitisha sheria ya maktaba za umma mwaka huohuo, 1964, nchi ikiwa na takriban miaka miwili tu ya uhuru. Tulianza pamoja. Baadaye madaraka yalipogatuliwa, maktaba za miji na wilaya zikawekwa mikononi mwa serikali za mitaa, na sheria ya 2003 ikaunda Maktaba ya Taifa. Sheria hiyo inamtaka mchapishaji apeleke nakala za anachochapisha, kama ilivyokuwa kwa Makerere tangu 1958. Ni jambo zuri. Ila daftari la chama cha kuzikana halina mchapishaji. Wala kaseti ya kwaya, wala picha ya timu ya kiwanda. Vitu vya namna hiyo vinapita katikati ya vidole vya sheria.

Isisemekane pia kwamba Uganda hakuna kilichofanyika. Sheria ya nyaraka za taifa ni ya 2001, na nyaraka zilizokaa miaka mingi Entebbe zimepata jengo lake Wandegeya, Kampala. Fort Portal, karatasi za wilaya ya Kabarole zilizokuwa zimerundikwa darini zilihamishiwa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, zikasafishwa, zikaorodheshwa na kupigwa picha za kidijitali kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Michigan. Jinja nayo nyaraka za wilaya ziliorodheshwa. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda ilionyesha picha za enzi za Amin kutoka kwenye negativu zilizokutwa kwenye kabati la shirika la utangazaji. Waliofanya kazi hizo nawavulia kofia. Lakini karibu zote ni karatasi na picha za serikali: barua za D.C. (mkuu wa wilaya wa mkoloni), kodi, kesi, rais akikagua gwaride. Zinaonyesha serikali ilivyowaona wananchi. Wananchi walivyojiona wenyewe hakumo.

Kuhusu hali ya hewa, hapo ndipo kazi ya nyumbani ni ngumu kuliko ya huku, na lazima tuseme wazi. Jinja iko ukingoni mwa ziwa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, ukungu unaota. Mchwa hawalali. Karatasi ya gazeti na ya daftari rahisi ina asidi inayoila yenyewe ikageuka kahawia na kuvunjika. Lakini dawa yake haihitaji mashine ya baridi, ambayo umeme ukikatika inafanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu joto na unyevu vinapanda na kushuka kila siku. Kinachotakiwa ni rafu za chuma zilizo mbali na ukuta na juu ya sakafu, madirisha yenye wavu yanayopitisha hewa, chumba ambacho paa lake halivuji na mabomba hayapiti juu yake, kufagia na kukagua kila wiki, na maboksi. Chumba kimoja, na mkutubi mmoja mwenye rejista na ruhusa ya kusema ndiyo.

Wengine wataniambia siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Tuna kundi letu la WhatsApp la watoto wa Walukuba, nalipenda, na picha za zamani zinazopita humo zinanitoa machozi. Lakini picha ikitumwa pale inapunguzwa ubora, inatumwa tena, na jina la aliyesimama wa tatu kutoka kushoto halijulikani. Aliyeipiga picha hajulikani. Daftari lenyewe nani analo? Simu ikiibiwa boda, vimekwenda. Kuskani ni kuzuri, hasa kwa kaseti, maana utepe wake unaoza na mashine za kuuchezesha zinakwisha. Bado nakala ya kidijitali inahitaji mtu wa kuipa jina, kuiweka mahali pawili na kuifungua mara kwa mara kuona kama iko hai. Hiyo nayo ni kazi ya maktaba.

Na wale watakaosema hospitali hazina dawa halafu mimi naongelea madaftari, nawaelewa, kwa maana hata mimi natuma pesa za dawa. Waulizeni wazee waliofanya kazi reli na posta za Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika 1977. Walidai mafao yao kwa miongo mingi, na mjane asiye na kadi ya kazi ya mumewe au barua ya kuajiriwa alisumbuka kuliko mwenye nayo. Mtu aliyeishi nyumba ileile miaka 40 akitakiwa kuthibitisha, atathibitisha kwa nini? Karatasi za mtaa zinalisha watu.

Jambo moja tunawazidi watu wa Leicester. Huku karatasi nyingi hufika kwenye hifadhi baada ya mwenyewe kufa na mpwa kuja kusafisha nyumba, na maelezo yanakuwa yamekufa naye. Kwetu mwenye daftari bado anajulikana, anaketi barazani, na jirani atakuelekeza mpaka mlangoni. Bado anaweza kuulizwa alama ile pembeni ina maana gani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Madiwani wa Jinja, na wa miji mingine yenye mitaa kama yetu, wapitishe azimio kwamba maktaba ya umma inapokea, kwa stakabadhi na rejista, karatasi, picha na kaseti za wakazi, kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo. Bajeti ya kwanza iwe ya chumba, rafu na maboksi. Sisi tulio nje, vyama vyetu vinavyochangia arusi na misiba vinaweza kununua maboksi hayo bila kuumia.

La pili ni la kila mmoja wenu. Kama mzazi au ndugu yako aliwahi kuwa mwandishi au mweka hazina wa chama chochote Walukuba, Masese au Mpumudde, mpigie simu wiki hii. Muulize yaliko madaftari. Mwambie asichome kitu, atoe pini zilizoota kutu, aandike majina nyuma ya picha kwa penseli laini bila kukandamiza, na aweke vyote juu, mbali na sakafu, mpaka apatikane wa kuvipokea. Ukiwa naye karibu, washa simu umrekodi akieleza ukurasa mmoja tu, na mwanzoni ataje jina lake, tarehe na mahali mlipo.