Nani Kaunguza Pilau?

Nina Probox. Ukiiona kwa nje utasema ni ya kubebea mbatata, na kweli hubeba mbatata, lakini kule nyuma nimeifunga wufa, spika ya besi, ya inchi 12 iliyonila akiba ya mwaka mzima. Nikipita Majengo, vifuniko vya masufuria hucheza jikoni mwa watu. Kwa hivyo binamu yangu alipooa, hakuna aliyeuliza ni gari gani litakaloongoza msafara wa kwenda Kisauni kwa kina bibi harusi.

Ilikuwa Februari, na Februari ya Mombasa mnaijua: kaskazi, jua la utosi, hata kunguru wanatembea kwa miguu. Gari lilikuwa juani tangu asubuhi, vioo juu, maana watoto wa mtaa wana mikono. Saa saba nilipofungua mlango, usukani haukushikika. Ilibidi niushike kwa leso.

Nikazunguka nyuma. Shangazi alikuwa keshanitangulia. Juu ya boksi la wufa ameketisha sufuria ya pilau iliyotoka kupaliwa makaa sasa hivi, nyingine ameiegemeza kwenye ampu, ile mashine ya kukuza sauti, kisha vyote pamoja, pilau, ampu na wufa, amevigubika blanketi la kulalia.

"Shangazi, hapa pana mitambo."

"Mitambo haili. Pilau ikifika imepoa utawaambia nini wakwe?"

Sikuwa na jibu. Kwa shangazi huwa sina.

Tukaondoka kwa kishindo. Mpaka Saba Saba mambo yalikuwa mazuri, vioo vinatetemeka, kina mama wanapiga vigelegele. Hapo foleni ikatudaka. Baada ya muda nikahisi besi inalegea, kama mtu anayeimba huku anasinzia. Nikafanya ule ujinga tunaoufanya sote: nikaongeza sauti. Ikarudi kidogo, ikafifia. Nikaongeza tena. Kufika Buxton ikakata kabisa. Nikashuka, nikainua blanketi: taa ya ampu nyekundu.

Ampu ina kinga yake. Ikizidiwa na joto hujizima mpaka ipoe, na yale mapezi ya alumini mgongoni kazi yake ni kutoa joto. Ya kwangu mapezi yalikuwa yamejifunika blanketi. Nikatuma mtoto akaazime kipepeo kwa muuza mahindi ya kuchoma. Basi wapita njia wa Buxton wakamwona mwanamume mzima, kanzu na koti juu, kapiga magoti nyuma ya Probox anapepea redio.

"Imeiva?" mmoja akauliza.

Ikawaka. Busara ilikuwa niende nayo polepole, sauti ya chini. Lakini nyuma msafara unapiga honi, mbele ni Daraja la Nyali. Nani anavuka Daraja la Nyali kimya siku ya harusi? Nikafungulia mpaka mwisho.

Katikati ya daraja harufu ikaingia. Nzito, ya kuungua, inakaba koo. Gari zima likanyamaza, nyuso zote zikamgeukia shangazi.

"Pilau imeshika chini," mke wa ami akanong'ona.

"Mimi?" Shangazi akavua miwani. "Mimi niunguze pilau? Nimepika maharusini tangu wewe hujajua kuosha mchele!"

Wakanuniana mpaka Kongowea. Mimi kwenye kioo naona uzi wa moshi unachungulia pembeni mwa blanketi, na wufa inatoa krr, krr, kama mtu anayekuna nazi. Nikazima redio, nikanyamaza. Ndiyo, nilimwacha shangazi ashtakiwe bure. Nilikuwa msibani.

Kisauni sufuria zikafunuliwa. Mvuke ukapaa, punje moja moja, chini hakuna hata ukoko. Shangazi akawatazama mmoja mmoja, akamalizia kwangu.

Jumatatu nikaipeleka wufa kwa fundi, Mwembe Tayari. Akaweka vidole vinne kwenye karatasi ya wufa, ile inayotetemeka, akaisukuma taratibu. Krr. Akainama akanusa. "Koili hii, kijana, imeiva." Akaifungua: koili, ule waya wa shaba uliosukwa nyuma ya karatasi, imekuwa nyeusi, vanishi imechubuka, mizunguko imeachia gundi na kulegea kama shanga za uzi mbovu.

Akanieleza huku anakwangua. Shaba ikipata moto huwa mbishi kupitisha umeme. Ubishi huo hupimwa kwa ohm: koili ya ohm 4 ikizidi joto kwa nyuzi 100 inakuwa kama ya 5 na nusu, umeme unaopita unapungua, besi inalegea. "Wewe ukaongeza. Na umeme wa spika karibu wote hugeuka joto, sauti ni makombo tu. Ukaipalia makaa na wewe." Kule Limuru, akasema, asubuhi ya baridi wufa hukakamaa mpira mpaka uipashe kwa muziki wa taratibu.

"Kwa hivyo kupasha si vibaya?" nikauliza.

"Kwa muziki, kijana. Si kwa pilau."

Kusuka koili upya kulichukua wiki mbili. Siku niliyoifunga garini, hata sijaijaribu, simu ikalia. Shangazi.

"Mwanangu, Jumapili kuna hitima Likoni. Njoo na lile gari lenye jiko."