Ile M pembeni ya D si urembo

"Shem, rudisha D bwana. Hili gari ni oto, linajua kazi yake."

Niliambiwa hayo juu ya mlima Kitonga, kule Iringa, Jumapili ya juzi, tukitoka msibani Mafinga. Msemaji ni mdogo wake mume wangu, kakaa kiti cha mbele kama mkaguzi wa magari, mkono mmoja umeng'ang'ania kishikio cha juu ya mlango tangu Ilula. Nyuma mama mkwe kalala, ndoo mbili za nyanya miguuni. Nami nilikuwa ndiyo kwanza nimeusogeza mkono wa gia pembeni, kutoka D, ambapo gari linajichagulia gia, kwenda M, ambapo nachagua mwenyewe, nikavuta mara mbili hadi gia namba mbili. Injini ikanguruma kidogo, gari likatulia. Yeye akashtuka kama nimezima taa usiku.

Sikumjibu. Kona za Kitonga hazikungoji umalize sentensi. Lakini fundi wangu alishaniambia maneno hayo hayo, aliyeniuzia gari pale yadi alisema M ni "mapambo tu dada", na nusu ya wanaume wa ukoo huu wana msimamo huo huo, kwa hiyo leo nawajibu wote kwa mkupuo mmoja.

Kauli wanayoipenda ni hii: kama ulitaka kubadili gia, si ungenunua manyuali? Wakishaisema wanaegemea kiti, kesi imekwisha. Ni kama kumwambia mwenye jiko la gesi asipunguze moto kwa sababu jiko linajiwasha lenyewe.

Gari langu ni Subaru Forester XT, toleo la SH5, turbo, nguvu farasi 230, gia nne. Kila anayeingia huuliza linakimbia kiasi gani. Katika miaka minne ya kulimiliki, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza linashukaje mlima. Na hapo ndipo penye kazi.

Oto ya kawaida ikiwa D haioni mlima mbele yako. Inachoona ni kwamba umeinua mguu kwenye mafuta na spidi inapanda, basi yenyewe inaelewa mambo ni shwari, inapanda gia. Uko kwenye mteremko, kushoto ukuta wa mwamba, kulia bonde, mbele lori la kwenda bandarini linatambaa, na gari lako limejiweka namba nne kama liko Chalinze kwenye tambarare. Kinachobaki kukushika ni pedi nne za breki za mbele zilizo nyembamba kuliko kidole gumba, na za nyuma.

Tupige hesabu kidogo. Gari, sisi watatu, nyanya na mabegi, tuseme kilo 1,800. Kila mita 100 tunazoshuka kwa kimo, si kwa urefu wa barabara, zinatoa nguvu ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji ya bomba. Sufuria nzima ya chai ya msibani, kila mita 100. Joto hilo lazima liende mahali. Ukiwa D na mguu kwenye breki, linaenda kwenye diski na pedi, na kutoka hapo linaanza kuyafuata mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani kadiri miaka inavyokwenda. Aina inayoitwa DOT 3, ikiwa mpya, inatakiwa ivumilie hadi nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Na wewe mara ya mwisho kubadilisha mafuta ya breki ilikuwa lini? Nimekaa kimya, nasubiri jibu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inakwenda hadi kwenye kapeti, gari linaendelea na safari yake.

Ukiwa namba mbili, injini inafanya kazi ya kuzuia. Matairi ndiyo yanayoisukuma, nayo inagoma kusukumwa. Mshale wangu wa mizunguko ulikuwa kwenye 2,500 hivi, spidi 45, mguu wangu haujagusa chochote. Nikifika kona nakanyaga breki mara moja, kwa nguvu kiasi, kisha naachia ipoe. Hiyo ndiyo siri yote ya M. Marehemu baba aliendesha lori la mizigo kwenda Tunduma miaka ishirini na hakuwahi kusikia habari za M, ila alikuwa na sheria moja: mlima unashukwa kwa gia ambayo ungeupandia. Malori yote unayoyakuta Kitonga yanashuka na gia nzito, yananguruma, na hakuna anayemwambia dereva wa semi kwamba anajifanya yuko kwenye mashindano. Mimi mwanamke mwenye Forester nikifanya vile vile, nina mbwembwe.

Wa N siwezi kuwaacha. Wanaoshuka na nyutro eti wanabana mafuta. Jamani. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeuondoa, kompyuta inafunga nozeli za mafuta, injini inazungushwa na matairi bila kunywa mafuta. Ukiweka N, injini inabidi ijizungushe yenyewe isizime, yaani ndiyo kwanza inakunywa. Umepoteza mafuta na kizuizi kwa pamoja, halafu unajisifu.

Kuhusu "utaua gia boksi", jibu ni fupi. Jaribu kuvuta namba moja ukiwa spidi 100 uone. Gari linakataa, linakupigia mlio, linabaki lilipo. Waliolitengeneza walishafikiria watu kama mimi.

Nikubali pia kidogo, maana najua mtaniandama. Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, M ni upuuzi. Weka D usikilize redio. Kwenye kukimbia nako, huyo anayejibadilishia gia ili aonekane mkali taa za Tazara anachelewa kuliko gia boksi lenyewe, na turbo yake inakohoa katikati. Hao ndio waliotuharibia jina. Kuovateki ni kitu kingine: ukishusha gia kabla hujatoka nyuma ya lori, huingojei oto ifikirie ukiwa upande usio wako.

Halafu kuna habari ya kuongeza na kutoa. Kwenye Subaru unasukuma mbele kupanda gia. Niliwahi kuazimwa BMW X3 na rafiki yangu, nikasukuma mbele kwa mazoea, ikashuka gia, injini ikapiga yowe, rafiki akanitazama kama nimempiga mtoto wake. Kumbe kwao mbele ni kutoa, nyuma ni kuongeza. Nilikasirika siku nzima. Ila nilipolala nikawaza: ukifunga breki mwili unaenda mbele, ukikanyaga mafuta unabanwa kwenye kiti. Wajerumani wako sahihi, na inaniuma kusema.

Turudi Kitonga. Tulipofika chini, kabla ya Ruaha Mbuyuni, harufu ilitufikia kwanza, ile ya ukucha unaoungua. Kulikuwa na gari kubwa jeusi limeegeshwa nusu barabarani, jipya kuliko langu kwa miaka kumi, bei yake sitaki hata kuikisia. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye rimu ya mbele kushoto. Kijana kapiga magoti, anamimina maji ya chupa kwenye diski, maji yanafanya chwaaa kama umetupa kitunguu kwenye mafuta. Mkewe kasimama pembeni na mtoto mgongoni, viatu mkononi. Nilisimama nikamwambia aache maji, diski ya moto ikimwagiwa maji inaweza kupinda au kupasuka, aiache ipoe yenyewe. Nikachungulia ndani. Mkono wa gia ulikuwa na M yake hapo pembeni, na alama za plasi na minasi, nailoni ya kiwandani bado haijabanduliwa.

Rimu zetu shemeji alizigusa kwa kiganja, zote nne. Hakusema kitu. Mama mkwe akaamka, akajifunga kitenge vizuri, akauliza tutaanza lini kushuka mlima.

Juzi shemeji alinipigia simu kuomba namba ya duka la vipuri. Ana Harrier, nayo ina M. Pedi zangu za mbele sasa zina mwaka na miezi saba. Zake ni seti ya pili tangu Januari. Nikamwuliza, kwa upole kabisa, anadhani tatizo ni nini.

"Shem, pedi za siku hizi ni feki."