Kutoka Chanjo ya Mabeberu hadi Chanjo ya Mama

Tarehe 27 Januari 2021, Rais John Magufuli, akiwa Chato, aliwaambia wananchi kwamba chanjo za Uviko-19 (korona) hazifai, na kwamba kama wazungu wangekuwa na uwezo huo basi ya Ukimwi ingekuwa imekwisha kupatikana. Miezi sita baadaye, tarehe 28 Julai, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, katika uzinduzi wa matumizi ya dozi zaidi ya milioni moja zilizotoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo hizo. Chama tawala kilikuwa kilekile. Kijiweni kwetu, waliokuwa wakisema “mabeberu” mwezi Januari ndio waliowahi foleni mwezi Agosti, na nakiri kwamba niliwacheka kabla ya kuelewa kwamba kwao chanjo ilikuwa kipimo cha utii.

Si wote waliogeuka. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa CCM, aliendelea kuipinga waziwazi. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tumefundishwa kujitegemea, na aliyekulia katika mafundisho hayo akiletewa kitu cha bure kutoka ng'ambo huuliza nia ya mletaji kabla ya kuuliza ubora wa kitu chenyewe. Siuiti ujinga, kwa maana historia yetu imetupa sababu za kuuliza.

Lakini hatuulizi hivyo kila mara. Msafiri huonyesha kadi yake ya homa ya manjano mpakani bila kulalamikia uhuru wake. Jirani yangu mmoja, akitoka kumchanja mwanawe surua huku kadi ya kliniki ameibana kwapani, nilimuuliza kama naye amechanja ya Uviko, akanijibu: “Kaka, hii ya mtoto ni chanjo. Hiyo yenu ni siasa.”

Kenya ugomvi ulikuwa wa namna nyingine. Novemba 2021 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatahudumiwa ana kwa ana katika ofisi za serikali. Watu wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Mkenya, mwenye Katiba ya mwaka 2010 mkononi, aliuliza ni kwa sheria gani. Sisi tuliuliza nani kasema.

Mimi ningeunga mkono ulazima kwa wauguzi na madaktari, kwa kuwa mgonjwa hana nafasi ya kuwachagua, ila si kwa mtu aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Kwa hapa kwetu, hata hatua hiyo ingekuwa ngumu mwaka ule. Rais Samia alipotangaza kuwa chanjo ni hiari, wengine waliona ni udhaifu. Mimi niliona ni kujua hali, kwa sababu serikali iliyoitilia chanjo shaka mwezi Januari haikuwa na uso wa kumlazimisha mtu mwezi Agosti.